Itifaki, Mapatano ya Mitambo

Aghalabu mtu aendaye kwenye hafla za Dar es Salaam au Nairobi humsikia msemaji, akiisha kuona kuwa orodha ya waheshimiwa ni ndefu kuliko hotuba aliyoiandaa, akijiokoa kwa maneno mawili: itifaki imezingatiwa. Kwa hadhirina wengi, basi, itifaki ni mambo ya taadhima, yaani nani atangulie kutajwa na nani akae kiti cha mbele. Kijana anayejifunza usimamizi wa mitandao ya kompyuta, mwenye azma ya kuukabili mtihani wa CCNA wa kampuni ya Cisco, hulikuta neno hilo hilo karibu katika kila ukurasa wa somo lake, na akilichukua kwa maana ile ya jukwaani litampoteza, kwa kuwa muradi wake hapa ni ule wa zamani zaidi, nao ni mapatano.

Neno walitumialo Wazungu lina asili ya Kiyunani, na maana yake ya kwanza ilikuwa karatasi iliyobandikwa kwa gundi mwanzoni mwa gombo la mafunjo. Kutoka hapo likaingia katika shughuli za mabalozi, likawa hati ya maafikiano, kisha likawa adabu za kibalozi. Kiswahili hakikupita njia hiyo ndefu. Kilikuwa kimekwisha kupokea kutoka Kiarabu neno itifaki, lenye nasaba moja na kuafiki, muafaka na hata taufiki, na jambo jipya lilipokuja kutafutiwa jina, jina lilikuwamo nyumbani. Waarabu wenyewe, ajabu, huziita itifaki za kompyuta kwa neno la Kizungu walilolitia herufi zao. Naona kuwa katika hili mpokeaji amemshinda mtoaji.

Mapatano hayo ni ya nani na nani? Si ya mitambo kwa asili yake, maana mtambo hauna hiari, bali ni ya watu walioandika masharti kabla mitambo haijakutana. Masharti ya itifaki za IP na TCP, yaliyochipuka katika fikra za Vint Cerf na Bob Kahn zilizochapishwa mwaka 1974, yalitolewa mnamo Septemba 1981 chini ya uhariri wa Jon Postel, na tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa ARPANET wa Marekani ukaiacha itifaki yake ya zamani ukazishika hizo. Kompyuta ya Mombasa na ya Tokyo, zisizotoka katika kiwanda kimoja, husemezana leo kwa sababu zote mbili zinautii waraka mmoja.

Tazama namna TCP inavyofungua mazungumzo. Wanafunzi hukariri kuwa kuna hatua tatu, na wengi wakiulizwa kwa nini si mbili hunyamaza. Wajuao sharia ya nikaha wanafahamu kuwa haitimii bila ijabu na kabuli, yaani tamko la kutoa na tamko la kukubali. Na hapa kila upande una ijabu yake, kwa kuwa kila upande hutangaza nambari utakayoanzia kuhesabu data zake, nao hutaka kusikia kuwa nambari hiyo imepokewa. Zingekuwa risala nne, ijabu mbili na kabuli mbili, ila yule wa pili hutia kabuli yake na ijabu yake katika pakiti moja, na kwa hiyo zikabaki tatu.

Lakini mahali neno hili linapomfaa mwanafunzi kuliko pote ni katika OSPF, itifaki ambayo ruta huitumia kupashana habari za njia. Ruta mbili hazihesabiwi kuwa majirani kwa sababu ya waya tu unaoziunganisha. Kila moja hutuma pakiti za salamu, kwa kawaida kila sekunde 10 katika mtandao wa Ethaneti, na isiposikia salamu ya mwenziwe kwa sekunde 40 humhesabu kuwa amekufa. Ndani ya salamu hizo mna masharti: vipindi hivyo viwili viwe sawa pande zote, nambari ya eneo iwe moja, anwani ziwe za mtandao mdogo mmoja, na nywila, kama imewekwa, isitofautiane. Vipindi vikihitilafiana, kwa mfano, ujirani haufungwi, ingawa taa zinawaka, ping inapita, na fundi aliyechoka anaapa kuwa kila kitu kizima. Kuna na hila ya ndani zaidi: kipimo cha pakiti kubwa kabisa kikitofautiana, ruta huonana, huanza kuafikiana, kisha hukwama katikati ya safari. Na kitambulisho cha kila ruta, kinyume cha hayo yote, sharti kisifanane na cha mwenziwe. Anayedhani kuwa itifaki ni amri ya kuandikwa ataiandika amri ile ile tena na tena katika ruta moja. Ajuaye kuwa ni mapatano atakwenda kusoma upande wa pili.

Kwa sababu hiyo siridhiki na wanaoieleza itifaki kuwa ni kanuni za mawasiliano, wakakomea hapo. Kanuni huweza kutungwa na mmoja: msimamizi anayeweka katika ruta yake orodha ya pakiti za kuzuiwa ametunga kanuni, wala hakumwuliza mtu. Itifaki yenye upande mmoja haina maana. Hata CDP, ambayo kwayo vifaa vya Cisco hutambulishana, ni mapatano, ila ni ya jamaa wa nyumba moja. Ndiyo maana mtihani humtaka mwanafunzi ajue pia LLDP, ambayo kifaa cha kampuni yoyote huweza kuifuata.

Mtihani wenyewe, wa dakika 120, haufanywi kwa Kiswahili, na wapo watakaouliza faida ya istilahi hii kwa mtahiniwa. Nawajibu kuwa atakapoonyeshwa ruta mbili zisizopatana na kutakiwa aseme sababu, ataitafuta kwa lugha anayofikiria. Nawasihi basi walimu wa vyuo vyetu wasilianze somo kwa jedwali la milango, 22 ya SSH, 53 ya DNS, 443 ya HTTPS. Waulize kwanza, kila itifaki inapotajwa, ni nani wanaopatana, wanapatana juu ya nini, na sharti lipi likivunjwa mapatano hayasimami. Nambari za milango zitakaririwa wiki ya mwisho.