Kuhama moja kwa moja (Sehemu ya 3): Waliosema "naenda kutafuta"

Akina baba mnaosoma kimyakimya bila kuweka hata like, nawaona.

Sehemu mbili zilizopita niliandika kuhusu kadi za kliniki na vyeti vya kuzaliwa kwa familia zinazopanga kuhamia nje kabisa. Baada ya hapo mmeniuliza swali ambalo si la nesi: nyumbani tuwaambie ukweli kwamba tunahama moja kwa moja, au tuseme tu tunaenda kutafuta maisha, mengine yatajulikana mbele ya safari?

Nitajibu kwa historia, tena ya kwetu huku mwambao wa Ziwa Nyasa.

Zamani ziwa halikuwa mpaka, lilikuwa barabara. Mtu wa Ngumbo au Liuli alikuwa na shemeji Likoma na binamu Nkhata Bay, na mtumbwi ndio ulikuwa basi lake. Mwaka 1885 wamisionari wa Kianglikana wa UMCA waliweka kituo Likoma, na kuanzia 1901 meli yao Chauncy Maples ikawa inazunguka vijiji vya ziwa. Padre William Percival Johnson alifanya kazi ziwani hadi kifo chake hapa hapa Liuli mwaka 1928. Katikati ya hayo, tarehe 1 Julai 1890, Waingereza na Wajerumani waliandikiana mkataba huko Ulaya wa kugawana sehemu hizi. Wazee wetu wakajikuta wana ndugu nchi za nje, na hakuna aliyekuwa amehama!

Mpaka kwenye karatasi haukuwazuia watu kusafiri. Kilichobadilika ni umbali. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa Witwatersrand mwaka 1886, na machimbo ya Johannesburg yalimeza watu kama ugali wa muhogo kwenye msiba. Wenye machimbo waliunda shirika la kuajiri vibarua, wazee wakaliita Wenela. Vijana wa pande zote za ziwa wakawa na neno moja, Joni. "Naenda Joni" maana yake naenda kutafuta: kodi ya kichwa, baiskeli, blanketi, mahari. Hakuna kijana aliyemuaga mama yake kwa kusema sitarudi.

Hapa nivae sare yangu kidogo. Wale vijana kutoka nchi za joto walikufa kwa nimonia huko machimboni kiasi kwamba mwaka 1913 serikali ya Afrika Kusini yenyewe ilipiga marufuku kuajiri watu wa kaskazini ya latitudo 22. Marufuku hiyo ilikaa mpaka miaka ya 1930. Fikiria, mtu anatoka kwenye joto la ziwa, anaingia shimoni kwenye jasho na vumbi, anatoka nje kwenye baridi kali, analala chumba kimoja na wenzake kibao, mmoja akikohoa wote wanapata. Ndiyo maana mwaka 1911 daktari Mwingereza Almroth Wright aliitwa ajaribu chanjo ya nimonia kwa wachimbaji. Hakufanikiwa kama alivyotarajia. Miaka ya 1970 wengine wakajaribu tena, kwa wachimbaji wapya wa machimbo hayo hayo, na mwaka 1977 chanjo ikaidhinishwa Marekani. Ile PCV mwanao anayochomwa pajani wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ambayo Tanzania tuliianza mwanzoni mwa 2013, ni mjukuu wa kazi ile. Sijui kama kuna anayewaambia mama zetu kliniki kwamba chanjo hiyo ina jasho la vijana wa Nyasa ndani yake. Mimi nawaambia.

Tuendelee. Mkataba wa Wenela haukuwa wa kuhama. Ulikuwa wa muda, kwa kawaida hauzidi miaka miwili. Sehemu ya mshahara ilizuiwa, mtu alilipwa akisharudi kwao. Makambi yalikuwa ya wanaume watupu, mke haruhusiwi. Yaani mfumo wote ulipangwa ili mwanaume aache nguvu zake kule, aje kuugua na kuzeekea huku, na mke ndiye amuuguze. Kifua kilichojaa vumbi la mawe kinaikaribisha TB kirahisi sana. Kwa hiyo waliokwenda kwa mkataba, wengi walirudi.

Waliopotea ni wale waliojiendea wenyewe, au waliotoroka mkataba. Hao walipita Nyasaland kwa miguu kwenda Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo. Kuanzia miaka ya 1930 serikali ya kule iliweka malori ya kuwabeba vibarua bila nauli, yakaitwa Ulere, maana yake bure. Walifanya kazi mashambani, migodini, na majikoni kwa wazungu. Mwaka wa kwanza barua inakuja. Wa pili pesa kidogo na kitenge. Wa tano kimya. Kule ameshapata mwanamke mwingine na watoto, huku mama fulani bado anaitwa mke wa mtu, haolewi, haachiki.

Upande wa Malawi wana neno kwa watu hao: machona, waliokwenda wakapotelea huko. Sisi hatuna neno zuri kama hilo, lakini watu hao tunao. Ukikaa na wazee utasikia habari za babu aliyekwenda Joni "akakaa huko huko". Mtu alihama moja kwa moja bila siku yoyote ya kuamua kuhama, na kwa kuwa hakuamua, hakuandaa kitu chochote, si kwa aliowaacha wala kwa aliowazaa kule.

Milango ya Wenela ilifungwa moja baada ya mwingine. Tanganyika ilipopata uhuru 1961 ilikataa watu wake kuajiriwa kwa makaburu. Malawi iliendelea, mpaka tarehe 4 Aprili 1974 ndege iliyokuwa inarudisha wachimbaji wa Kimalawi ilipoanguka Francistown, Botswana, wakafa watu 78. Rais Banda akasimamisha uajiri.

Sasa sikilizeni kilichowapata watoto wa machona, maana ndicho kilichonifanya niandike sehemu hii. Mwaka 2001 Zimbabwe ilibadilisha sheria ya uraia. Yeyote ambaye angeweza kudai uraia wa nchi nyingine alitakiwa aukane rasmi kwa utaratibu wa nchi hiyo, mwisho Januari 2002. Watoto na wajukuu wa vibarua kutoka Malawi, Zambia na Msumbiji, waliozaliwa mashambani Zimbabwe, wasiojua hata njia ya kijiji cha babu, wakaambiwa walete karatasi ya kuukana uraia ambao hawajawahi kuwa nao mkononi. Wengi hawakuweka. Wakakosa kura, pasi, na kwa wengine vyeti vya watoto. Katiba ya 2013 ndiyo ikaja kuwatambua waliozaliwa pale wenye wazazi kutoka nchi za SADC. Babu alisema anaenda kutafuta, mjukuu akaja kuulizwa wewe ni wa wapi.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule aliyeuliza: semeni ukweli, na semeni mapema. Kama nia ni kuhama kabisa, mama mkwe ajue, aliyeachiwa shamba ajue, na kama mmoja anatangulia, muandike ni mwezi gani wengine wanafuata na asipoita itakuwaje. Usikubali "tutaona". Tutaona ndiyo ilimweka bibi wa watu miaka 30 akisubiri.

Na watoto. Kwa Sheria ya Uraia ya 1995, Mtanzania mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari anapoteza wa kwetu. Mtoto anaweza kuwa nao wote wawili akiwa mdogo, lakini akifika miaka 18 anatakiwa kuchagua. Akizaliwa huko nje, mwandikishe kule NA mpeleke ubalozini. Cheti chako cha kuzaliwa na cha baba yake msiviache kwenye sanduku Mbinga mkasema dada atatuma. Chukueni halisi, nakala zibaki.

Sehemu ya 4 ni Jumapili Mungu akipenda: picha ya kifua na kipimo cha TB wanachodai balozi nyingi, na kwa nini kovu la BCG begani halitoshi. Mwenye mtoto anayekohoa zaidi ya wiki mbili asisubiri Jumapili, aje kituoni kesho asubuhi.