Tulilipia Nini?

Mbuzi akichinjwa kwetu Meru, kazi ya kutoa nyongo haipewi kijana mwenye haraka. Mzee hukishika kile kifuko cha kijani kilichojibandika chini ya ini, akakibandua polepole. Kikipasuka, nyama inakuwa chungu. Nilidhani hayo ni mambo ya kuchinja tu, hadi shosho wangu alipougua.

Macho yaligeuka manjano, ngozi ikamwasha usiku kucha. Tukauza ng'ombe wawili, tukachanga, akapasuliwa. Daktari akatoka mapema kuliko tulivyotarajia: ni saratani ya kifuko cha nyongo, imeshaingia kwenye ini na kuziba mrija. Hakuikata. Aliitengenezea nyongo njia nyingine ya kufika utumboni, akamshona. Mjomba akafoka, "Sasa tumelipia nini?"

Swali hilo lilinikaa, ndo maana nikaanza kusoma.

Mwaka wa 1777, Maximilian Stoll wa Vienna aliueleza ugonjwa huu baada ya kuukuta kwenye maiti. Mwaka wa 1882, huko Berlin, Carl Langenbuch akawa wa kwanza kumtoa mgonjwa kifuko kizima, ila shida ilikuwa mawe, si saratani. Saratani ni kesi nyingine. Upande unaogusa ini, kifuko hakina utando wa nje wa kuizuia, kwa hivyo inapenya moja kwa moja. Ukitoa kifuko peke yake, umekata gugu ukaacha mzizi.

Mwaka wa 1924, miaka miwili tu baada ya wamisionari wa Scotland kuanza kutibu watu Chogoria, Mmarekani Alfred Blalock aliandika kwamba ikijulikana mapema kuwa ni saratani hii, mgonjwa asipasuliwe; kisu kitampunguzia siku. Mwaka wa 1954, Kenya ikiwa katika Hali ya Hatari, Frank Glenn wa New York alipendekeza kinyume: toa kifuko, kipande cha ini kinachokishikilia, pamoja na tezi za limfu za karibu. Baadaye madaktari wa Japani walithubutu zaidi, wakakata hadi sehemu kubwa ya ini na kichwa cha kongosho. Wapo waliopona wakaishi miaka. Wapo pia waliouawa na operesheni yenyewe.

Kutokana na vifo hivyo madaktari walijifunza kupima: kama saratani yote inaweza kutoka, kata, hata kama ni kazi kubwa. Kama imesambaa mbali au imekumbatia mishipa mikuu ya damu, usikate. Fungulia nyongo njia, mpunguzie mtu mateso.

Baada ya operesheni ile, macho ya shosho yalianza kurudi meupe. Kuwashwa kukaisha. Alilala usiku mzima, akaketi juani akichambua maharagwe na kutukaripia kama zamani, hadi alipotuacha miezi michache baadaye.

Mjomba akiuliza tena, nitamjibu: tulilipia usingizi wake.