Mnasema tujitoe Jumuiya? Tulishaivunja moja

Hapa Chwele, tukikosana na Uganda au Tanzania juu ya biashara, husikosi kusikia: "Si tujitoe tu EAC!" Jamani, Jumuiya ya 1967 ilivunjika 1977, na hakuna mwananchi aliyeulizwa kwa kura. Baada ya mapinduzi ya Uganda ya 1971, marais watatu hawakuketi tena meza moja. Tanzania ililalamika Kenya inafaidi zaidi. Shirika la ndege likafa, Tanzania ikafunga mpaka na sisi hadi 1983. Kugawana mali tu, makubaliano yalipatikana 1984! Wastaafu wa Jumuiya kule Tanzania walikuwa bado mahakamani miaka ya 2000 wakidai mafao. Sasa wewe wa "tujitoe", maharagwe yanayoingia kupitia Lwakhakha utayatoza ushuru gani?