Kabla ya Bati: Nyumba Zilizopoa Kando ya Ziwa Mweru



Ndugu wazazi na wanafunzi, Oktoba ikiingia huku Puta na Nchelenge, kabla mvua za Novemba hazijashuka, mazungumzo ya kila nyumba ni joto. Watoto hawalali. Bati linaanza kuwaka asubuhi na linawaka mchana kutwa. Wenye feni nao husubiri umeme. Mwaka 2024, ukame ulipopunguza maji ya Bwawa la Kariba, sehemu kubwa ya Zambia ilikosa umeme kwa saa nyingi kila siku, na walionunua viyoyozi kwa bei kubwa wakabaki wakifungua madirisha kama sisi wengine. Tukaona si vibaya tuulize: waliotutangulia kando ya ziwa hili waliishi vipi na joto hili hili?

Nyumba za zamani za Wabwile na jirani zao zilikuwa za miti na udongo, paa la nyasi. Paa lilishuka chini sana, hata mtu mzima akainama kuingia. Wageni wengi waliona ni unyonge wa ujenzi. Sivyo. Paa lile linaloning'inia liliuweka ukuta kivulini mchana kutwa, na ukuta usiopigwa na jua huingiza joto dogo zaidi ndani. Nyasi zilizofungwa nene hushika hewa katikati yake, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Mchana watu hawakukaa ndani. Walikaa nsaka, kile kibanda cha paa tupu kisicho na kuta, upepo wa ziwa ukipita pande zote.

Kisha zikaja safari za watu wa pwani. Mwezi wa Julai 1867, Livingstone alikutana na Hamed bin Muhammad, yaani Tippu Tip, katika nchi ya Watabwa baina ya ziwa letu na Tanganyika, baada ya vita vyake na Nsama. Livingstone alifika Mweru tarehe 8 Novemba mwaka ule ule, na alipofika kwa Mwata Kazembe alimkuta Muhammad bin Salih, mfanyabiashara aliyekuwa ameishi pale miaka mingi. Hatutaficha neno hapa, maana watoto wetu wanasoma shuleni na wanauliza: misafara ile ilibeba pembe za ndovu, na ilibeba watumwa. Wapo waliopoteza ndugu zao kwa njia hiyo kwenye ufuko huu huu. Kusifu nyumba za wafanyabiashara wale si kusifu biashara yao yote.

Nyumba zenyewe zilikuwa za pembe nne. Popote watu wa pwani walipokaa kwa muda, Tabora, Ujiji na kwingine bara, walijenga kuta nene za udongo na mbele wakaweka baraza chini ya paa lililotokeza. Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, wawili wale waliketi kuzungumza kwenye baraza la udongo namna hiyo, chini ya upenu mpana. Watu hukumbuka salamu ya Stanley tu, lakini kwa somo letu upenu ndio wenye maana: mahali pa kumpokea mgeni nje ya jua, bila kumwingiza ndani kwa wenye nyumba.

Ile tunayoiita nyumba ya Kiswahili ina siri nyingine. Katikati kuna ukumbi mrefu unaotoka mlango wa mbele mpaka ua wa nyuma, vyumba vikiwa kulia na kushoto. Fungua milango miwili ile na upepo unapita moja kwa moja. Jiko liko uani, basi moto wa kupikia haupashi vyumba vya kulala. Siku hizi tunajenga jiko ndani, tena katikati ya nyumba, halafu tunashangaa.

Huko pwani kwenyewe, Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja, waliojaliwa mali walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta zao zinafika nusu mita na zaidi. Ukuta kama huo hupokea joto la mchana polepole sana, na mpaka lipenye ndani jua limekwisha tua. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti za mikoko haziwezi kuvuka upana mkubwa, kiasi cha mita tatu hivi. Dari ziko juu, joto hupanda huko na kuwaacha watu chini. Vichochoro navyo ni vyembamba hata nyumba moja inaitilia nyumba ya pili kivuli. Watoto wa Lamu wanacheza njiani saa sita za mchana, jambo ambalo huku kwetu ni shida.

Na tukienda nyuma zaidi, msikiti wa Mtume (s.a.w.) Madina ulikuwa wa matofali ya udongo, nguzo zake vigogo vya mitende, na paa la makuti yake. Joto likiwa kali alifundisha Adhuhuri icheleweshwe kidogo mpaka kupoe, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim. Wanafunzi wetu hulisoma hilo katika fiqhi ya sala. Ni vizuri walijue pia kuwa ni elimu ya kuishi na jua: kazi na ibada kupangiwa saa yake.

Basi bati liliingiaje? Bati la migongo lilibuniwa Uingereza mwaka 1829, na baadaye likapakwa zinki lisishike kutu upesi. Lilienea duniani kote kwa sababu ni jepesi, halihitaji fundi mkubwa, halishiki moto, na mvua haipiti. Hata Mji Mkongwe, mapaa mengi yaliyokuwa bapa ya chokaa yalifunikwa mabati kwa kuogopa kuvuja. Huku Mweru lililetwa na fedha za samaki waliopelekwa kuuzwa miji ya migodi, na likawa alama ya mtu aliyefanikiwa. Aliyebaki na nyasi alionekana maskini. Na kuna jambo jingine: mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kampuni ya Waingereza iliwahamisha watu wa ufuko huu na bonde la Luapula kwa kuogopa malale. Nyumba ya udongo iliyoachwa hurudi kuwa udongo. Ndiyo maana Lamu wana kuta za kuwaonyesha watoto, na sisi hatuna.

Hatusemi watu wang'oe mabati. Nyasi huungua, huoza, hufuga wadudu, na kila baada ya miaka michache zinataka kuezekwa upya. Lakini liko jambo zito zaidi, na hapa ndipo nyumba ya zamani inaposhindwa. Nchelenge ni miongoni mwa sehemu za Zambia zenye malaria nyingi mno. Ule uwazi baina ya ukuta na paa uliotoa joto ndio mlango wa mbu. Na bati nalo linaleta malaria kwa njia yake: mtoto aliyeshindwa na joto huondoa chandarua usiku, au familia nzima hukaa nje mpaka usiku wa manane, mbu wakiwala. Mzazi anayeziba kila tundu kwa sababu ya mbu anawapika watoto. Anayefungua yote anawatoa kwa mbu.

Kwa hiyo uwazi ule wa juu uachwe, ila uwekewe wavu wa waya, na madirisha vivyo hivyo, yatazamane ili upepo upite. Chini ya bati itandikwe dari, hata ya mikeka au matete ya ziwani, hewa ikibaki katikati. Bati lenye kutu hunywa joto sana. Likipakwa chokaa nyeupe au rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua, ingawa chokaa huoshwa na mvua na itabidi kurudiwa kila kiangazi. Paa litokeze mbele na nyuma kama upenu wa Ujiji. Upande wa magharibi, ambako jua la alasiri hupiga ukuta moja kwa moja, upandwe mwembe. Miembe ya Ujiji na Tabora inasemekana ilianzia kwenye njia za misafara ile ile, na watu wanapumzika chini yake mpaka leo. Mwembe ukipandwa mvua hizi za Novemba utahitaji miaka kadhaa kufika kimo cha paa, na mbuzi wasiufikie miwili ya mwanzo.