Pa Kukimbilia

Watu wanaofuga samaki Kilimani, Kangemi na Westlands huniuliza swali lilelile: samaki wangu amepigwa na mwenzake, mkia umeraruka, nimpe dawa gani? Mimi huwauliza langu kwanza. Alipofukuzwa, alikuwa na pa kukimbilia?

Swali hilo linatoka kwenye historia ya maziwa yetu.

Wengi wa samaki hao wenye rangi kali ni mbuna, jina wanaloitwa na Watonga wa Ziwa Malawi. Miaka ya 1950, Mwingereza Geoffrey Fryer aliwachunguza pale Nkhata Bay, na mwaka 1959 akachapisha utafiti wake. Mbuna hukaa miambani, hula mwani unaoota juu ya mawe, na dume hulinda jiwe lake. Mgeni akikaribia, anafukuzwa. Ziwani mambo huishia hapo: mgeni anaogelea mita chache, yameisha. Kwenye tangi la sentimita 90, hizo mita chache hazipo. Anagonga kioo, anageuka, anapigwa tena. Si roho mbaya. Ni ugomvi wa shamba, na mmoja wao hana njia ya kutoka.

Mwaka jana niliuguza kenyi wa jirani yangu. Kenyi ni mbuna ambaye jike ni buluu na dume hugeuka njano akikomaa. Huyu alikuwa jike, pezi la mkia limebaki nusu, magamba yametoka ubavuni, anapumua kwa haraka huku amejibanza karibu na hita. Nilimtoa akakaa peke yake kwenye beseni la lita 40. Maji ya mfereji hapa Nairobi, mengi yakitoka bwawa la Ndakaini, yana klorini, kwa hivyo niliyatibu kwanza. Nikaweka hita, maana Julai ya Nairobi haina huruma, chujio la sponji, na kipande cha paipu ajifiche. Kila siku nilibadilisha sehemu moja ya tano ya maji na kutoa chakula kilichobaki. Dawa niliiacha kando, nikichungulia tu kama kuna kitu cheupe kama pamba kinaota kwenye kidonda. Hakikuota. Baada ya wiki mbili, ukingo wa mkia ulikuwa na utando mwembamba unaopitisha mwanga kama nailoni. Huo ni mwili mpya.

Sasa njoo Ziwa Victoria. Ukipita City Market pale Muindi Mbingu Street, unaweza kuona mbuta amelazwa juu ya barafu. Huyu hakuwa mwenyeji wa ziwa hilo. Mwaka 1927 na 1928, Michael Graham alifanya uchunguzi wa uvuvi ziwani, na ripoti yake ikaonya kwamba kuleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka kwingine, bila utafiti wa kina, ni hatari kubwa. Onyo halikufuatwa. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, mbuta akaingizwa. Hoja ilionekana nzuri: fulu ni wadogo, wamejaa mifupa, basi wamlishe samaki mkubwa anayeuzika.

Fulu walikuwa zaidi ya aina 500. Kufikia miaka ya 1980 mbuta alikuwa ameongezeka kupita kiasi, na inakadiriwa kwamba aina 200 hivi za fulu zilitoweka. Kweli, mbuta hagombani na fulu juu ya jiwe, anammeza tu. Na hakuwa peke yake: maji yalikuwa yanachafuka. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji yakiwa na ukungu, fulu hushindwa kutofautisha rangi za wachumba, aina zikachanganyika. Lakini swali ni lilelile. Ziwa la kilomita za mraba zaidi ya 68,000 liligeuka tangi, kwa sababu adui alifika karibu kila kona.

Waliobaki ni wale waliokuwa na kona ambayo hakuifikia. Wengine walisalimika miambani. Wengine wako kwenye matangi ya Ulaya na Marekani, ambako wanazalishwa kizazi baada ya kizazi. Na wengine wako hapa kwetu, Ziwa Kanyaboli, Siaya, nyuma ya mafunjo ya kinamasi cha Yala. Humo bado kuna fulu, na kuna ngege, samaki aliyekuwa fahari ya meza za Nyanza kabla hajapotea karibu kabisa katika ziwa kubwa. Mbuta hakufika huko.

Kanyaboli ndilo beseni letu la lita 40. Na kinamasi kinacholizunguka kimekuwa kikikaushwa kwa miaka mingi ili pawe mashamba.

Kenyi wa jirani alirudi kwenye tangi lake. Kabla ya kumrudisha tulipanga mawe upya yote, ili dume aliyempiga naye aanze kama mgeni, tukaongeza mapango ya kujificha. Bado wanafukuzana. Ila sasa jike akifukuzwa, anapotea nyuma ya jiwe, na dume anasahau. Pezi linaweza kuota tena kwa wiki chache. Aina ya samaki iliyotoweka haioti. Kwa hivyo nikisikia mtu anasema Yala ni ardhi iliyokaa bure, namuuliza: na hawa, wakifukuzwa huko, wakimbilie wapi?