Korti Ilimwachilia, Gavana Akamzuia

Mapema mwaka 1954, Ramogi Achieng Oneko alishinda rufaa. Mahakama Kuu ya Kenya ilifuta kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu alichohukumiwa mjini Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei na Kung'u Karumba. Mtu aliyefutiwa hatia hurudi kwa watoto wake. Oneko hakurudi. Alizuiwa kwa amri ya serikali, na hakuachiliwa hadi mwaka 1961.

Mamlaka ya kumzuia mtu hivyo yalizaliwa vitani. Vita Kuu ya Pili ilipozuka mwaka 1939, Uingereza ilijipa uwezo wa kumzuia mtu bila kumshtaki, na mwaka huohuo ikatoa amri iliyowapa magavana wa makoloni nguvu za namna hiyo. Mwaka 1941 suala hilo lilifika mbele ya majaji watano wa ngazi ya juu kabisa London. Wanne walikubali kwamba neno la waziri latosha. Lord Atkin peke yake alishikilia kwamba waziri lazima aithibitishie korti kuwa ana sababu za kweli. Vita vilipokwisha Ulaya mwaka 1945, Waingereza walifutiwa kanuni hiyo ya kuzuia watu. Amri ya makoloni ilibaki.

Ndiyo aliyoitumia Gavana Evelyn Baring alipotangaza hali ya hatari Oktoba 20, 1952, dhidi ya uasi wa Mau Mau.

Alfajiri ya Aprili 24, 1954, wanajeshi na polisi wapatao 25,000 waliuzingira mji wa Nairobi. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa vyumbani na makazini, wakapangwa foleni. Mbele ya foleni alikaa mtu aliyefunikwa gunia kutoka kichwani, matundu mawili tu yakiachwa ya macho. Wakikuyu walimwita gakunia. Akitikisa kichwa, uliyesimama mbele yake ulipelekwa kando, kisha kambini. Hukujua ni nani aliyekutaja wala kwa kosa gani, na hapakuwa na hakimu wa kumuuliza. Zaidi ya watu 20,000 walizuiliwa katika msako huo, wengi wakapelekwa kambi kama Manyani, kando ya reli ya Mombasa. Mwishoni mwa mwaka huo, hesabu ya serikali yenyewe ilionyesha zaidi ya watu 70,000 kizuizini.

Machi 3, 1959, katika kambi ya Hola karibu na Mto Tana, askari waliwapiga mahabusu waliokataa kazi ya shuruti, wakawaua 11. Serikali ilisema kwanza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi wa vifo ulipoonyesha majeraha ya kipigo, aibu ilifika hadi Bunge la Uingereza.

Hali ya hatari iliondolewa Januari 1960, lakini sheria ya usalama wa umma iliyotungwa mwaka huo iliendelea kuruhusu kuzuia watu. Serikali huru ya Kenya iliirithi, na mwaka 1966 ikaipa makali mapya. Tanganyika nayo ilikuwa imetunga yake mwaka 1962, haijatimiza hata mwaka mmoja wa uhuru.

Oktoba 1969, Oneko, aliyekwisha kuwa waziri na kisha mpinzani, alikamatwa tena bila mashtaka. Rais alikuwa Kenyatta, mwenzake wa Kapenguria. Oneko alitoka mwaka 1975. Baada yake, mlango uleule ulimfungia mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o katika gereza la Kamiti mwishoni mwa 1977, na miaka ya themanini ukamfungia mwanasiasa Raila Odinga.

Kenya iliondoa kizuizi bila mashtaka mwaka 1997. Katiba ya 2010 inataka aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata. Tangazo la hali ya hatari hudumu siku 14 tu Bunge lisipoliongeza, na hata wakati huo haki ya kumwomba jaji aamuru mtu aletwe mbele yake haiwezi kuondolewa.

Basi, msomaji, serikali yoyote ikikuomba uwezo wa kumfungia mtu bila korti, ikakuahidi kwamba ni kwa muda tu na ni kwa adui tu, mkumbuke Oneko. Alifungiwa na mkoloni, akafungiwa na rafiki, na sheria ilikuwa ya ukoo mmoja.