Lateksi, Utomvu na Godoro la Wawili

Anayenunua godoro la kupeleka Chundwa, kisiwani Pate, huulizwa futi ngapi kwa ngapi, kisha inchi ngapi. Siku hizi anaweza kuongezewa neno jingine: lateksi. Kwa mke na mume wanaoamka wamelowa jasho wakati wa kaskazi, hasa upepo unapokufa mwezi wa Machi, neno hilo lahitaji kufafanuliwa kabla ya pesa kutoka mfukoni, kwa kuwa godoro lenyewe ni ghali.

Tukilitafutia Kiswahili, neno la kwanza linalokuja ni utomvu, yaani yale maziwa yanayotoka mpapai ukichanjwa au fenesi likikatwa. La pili ni mpira, na hili lina historia pwani. Kabla ya mashamba ya mpira ya Asia kutawala soko, watu wa mwambao walichanja mitambaazi ya msituni ya jamii ya Landolphia, mmoja wao ukiwa umepewa jina la John Kirk, konseli wa Uingereza Unguja. Utomvu ulipoganda uliviringwa ukawa madonge, na madonge hayo yalisafirishwa kupitia bandari za pwani, Lamu ikiwa mojawapo.

Hata hivyo siungi mkono “godoro la mpira”. Mpira, nyumbani, ni ule unaotandikwa chini ya mtoto mchanga usipitishe mkojo. Usiopitisha maji haupitishi hewa pia, kwa hiyo jina hilo linamwambia mnunuzi kinyume cha sifa ya godoro. “Sponji” nalo limekwisha kushikwa na povu la poliyurethani, linalotokana na mafuta ya petroli, na magodoro yetu mengi ni ya aina hiyo.

Kwa wanakemia, lateksi ni chembe ndogo mno za mpira zinazoelea ndani ya maji bila kushikamana. Zinaweza kutoka mtini, na zinaweza kutengenezwa kiwandani bila mti wowote. Kwa hiyo tuyagawe maneno: lateksi liwe jina la jumla, na utomvu libaki kwa kilichotoka mtini. “Godoro la lateksi” ni jina sahihi lakini halijamaliza habari. “Godoro la lateksi ya utomvu” limemaliza. Mnunuzi aulize utomvu ni asilimia ngapi, maana yapo mengi yaliyochanganywa.

Godoro lenyewe ni povu. Mwaka 1929, kwenye kampuni ya Dunlop mjini Birmingham, lateksi ilipigwa mpaka ikaumuka, ikagandishwa na kupikwa ndani ya kalibu. Njia ya Talalay ilikuja baadaye: povu hupanuliwa kwa kunyonya hewa, likagandishwa kwa baridi kali, likapitishiwa gesi ya kaboni dayoksaidi, ndipo likapikwa. Kwa kawaida kalibu huwa na misumari mingi ya chuma ya kufikisha joto katikati, na misumari hiyo ndiyo inayoacha zile tundu unazoziona godoro likifunuliwa.

Tundu hizo na vinyweleo vya povu hupitisha hewa, lakini naona jambo kubwa zaidi ni namna godoro linavyombeba mtu. Aliyelala hutoa joto la wati 70 hivi, wawili, maradufu. Jasho hupoza mwili likikauka, na hewa ya Pate yenye unyevu hulikausha polepole. Povu zito la kumbukumbu, lile linaloshika umbo la aliyelala, hulainika kwa joto la mwili, likakufunika ubavu na mgongo, na ngozi iliyofunikwa haipati upepo. Lateksi hubonyea kisha ikakusukuma juu, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwili hubaki wazi. Kwa sababu hiyo wenye joto wachague gumu la kadiri, si laini. Mmoja akiwa mzito kuliko mwenzake, magodoro mawili membamba ya ugumu tofauti, yakiwekwa ubavu kwa ubavu ndani ya foronya moja kubwa ya pamba, yatawafaa kuliko moja la kulazimishana.

Wasilivike nailoni. Kifuniko kisichopitisha hewa hufuta faida yote iliyolipiwa. Chini pawe na chaga zilizokaribiana: kitanda cha kamba kina hewa nzuri, ila kamba hulegea chini ya uzito huu. Lateksi ina kilo 60 hadi 80 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo godoro la futi tano kwa sita, nene inchi nane, hukaribia kilo 40. Anayelipokea gati la Mtangawanda aje na mtu wa pili.

Kuna mazoea mawili ya kuacha. Godoro la sufi huanikwa juani. La lateksi jua hulikausha likapasuka, basi lipepewe kivulini. Na mafuta ya nazi, tunayoyapenda mwilini, hulainisha na kuharibu mpira, kwa hiyo shuka nene ya pamba iwe kati yake na godoro kila usiku.